Farasi wa saa saba pale Kitale: nani atashinda leo?

Kadi ya leo ni ndefu kuliko ya uwanja wowote wa mbio duniani. Duka likifunguliwa asubuhi farasi wanaanza kukimbia, na wakimaliza wanaanza tena baada ya dakika tatu hivi. Piga hesabu mwenyewe: mbio ishirini kwa saa, na duka likikaa wazi masaa kumi, hizo ni mbio 200. Kila mbio ina farasi sita. Hao ni farasi 1,200 wamepita mbele ya macho ya wasee wa Kitale kwa siku moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha mavi barabarani.

Wasee kadhaa wameniuliza kwa nini naandika utabiri wa mechi za wikendi lakini farasi nawaruka. Wanasema farasi ndio wanalipa haraka, mpira unakuweka dakika tisini ukiuma kucha. Sawa. Leo nawafanyia. Nimechagua mbio moja tu, ya saa saba mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa duka linajaa: watu wa boda wamepumzisha pikipiki, mafundi wa jua kali wanatafuta kivuli, na vijana wa Matisi na Tuwan wamefika mjini kuona kama kuna kitu. Odi nitakazotumia ni za mfano, lakini zinafanana na utakazozikuta kwenye skrini.

Farasi namba 1 analipa 2.50, kwa hivyo ndiye anayepewa nafasi kubwa. Mbio zake tano za mwisho: hazipo. Mkufunzi wake: hana. Aliyempanda ni shati jekundu lisilo na mtu ndani. Namba 2 analipa 4.00. Huyu tofauti yake na namba 1 ni rangi. Namba 3, odi 5.00, alishinda mbio iliyopita, ila yule aliyeshinda si yeye, ni picha nyingine iliyopewa namba 3. Namba 4 ni 8.00, namba 5 ni 10.00. Namba 6, odi 20.00, ndiye kipenzi cha watu wa finje, kwa sababu finje inarudi ikiwa thao moja. Hali ya uwanja: nyasi kavu, hata kama nje Kitale inanyesha mvua ya mawe.

Huo ndio uchambuzi wote. Sijaficha kitu. Ukiniongezea wiki nzima ya utafiti sitapata neno lingine la kuongeza, na hilo ndilo jambo ninalotaka tuliongee.

Farasi wa skrini hakimbii. Unapoona geti linafunguka, mbio imeshaisha zamani. Kompyuta imechagua namba bila mpangilio, imepata mshindi, halafu inakuchezea video inayolingana na jibu. Yule mtangazaji anayepandisha sauti kwenye kona ya mwisho anasimulia kitu kilichoamuliwa kabla hajafungua mdomo. Wengi wakisikia hivyo wanaruka kusema basi wanatuibia, wanaangalia tumebeti wapi halafu wanampa mwingine. Mimi sisemi hivyo. Hata ukiamini kwamba kila kitu ni safi, mashine imekaguliwa na hakuna mkono wa mtu, bado hakuna cha kutabiri. Mashine safi haikumbuki. Ikimaliza mbio ya saa saba, mbio ya saa saba na dakika tatu inaanza kama siku ya kwanza ya dunia.

Sasa linganisha na farasi mwenye kwato.

Kenya imebaki na uwanja mmoja wa mbio za farasi, ule wa Ngong pale Nairobi, kando ya Ngong Road, uliofunguliwa mwaka 1954 na unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya. Zamani hii michezo ilikuwa imesambaa. Walowezi wa Kizungu walipoingia nyanda za juu walibeba farasi wao, na popote walipokaa kwa wingi walitafuta shamba tambarare la kukimbizia. Eldoret hapo juu kuna wadi nzima inaitwa Racecourse, na mtoto aliyezaliwa pale leo anaweza kumaliza shule bila kuona farasi wa mbio. Nairobi kuna Racecourse Road, na magari yake hayaendi Ngong. Jina limebaki, farasi wameondoka. Farasi ni mnyama wa gharama: chakula, daktari, mtu wa kumtunza usiku na mchana. Pia kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na wadudu wadogo kama visubi na unaoua haraka. Nchi yenye ugonjwa huo hupata taabu hata kuuza farasi wake nje.

Lakini Jumapili ya mbio pale Ngong, mtu akiwa na karatasi ya siku mkononi, ana kazi ya kufanya. Kwenye hiyo karatasi kila farasi ana jina, wazazi, mwenyewe, mkufunzi, joki, na tarakimu za nafasi alizomaliza mbio zilizopita. Tarakimu kama 3-2-2-1 ni hadithi ya mnyama anayepanda. 1-1-5-8 ni hadithi ya mnyama aliyechoka au aliyepandishwa daraja kukutana na wakubwa. Hapo ndipo unaanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza ni umbali. Kenya Guineas ni mita 1,600, Kenya Derby ni mita 2,400, na zote ni za farasi wa miaka mitatu. Farasi aliyeshinda Guineas atapendwa na watu wengi kwenye Derby, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mita 800 za ziada ni kitu kingine kabisa. Yule aliyemaliza wa tatu kwenye Guineas akiwa bado anaongeza kasi, akiwapita wengine baada ya mstari, huyo ndiye wa kuangalia. Hakushinda kwa sababu uwanja ulimwishia, miguu ilikuwa bado.

Swali la pili ni uzito. Katika mbio nyingi za kawaida, farasi bora hubebeshwa mzigo zaidi ili wadhaifu nao wapate nafasi. Vipande vya risasi vinawekwa kwenye tandiko. Kwa hivyo farasi aliyeshinda mara mbili mfululizo anakuja leo na kilo zaidi mgongoni. Unapima: je, alishinda kwa kujivuta, au alishinda joki akiwa hata hajainua fimbo? Kisha unaangalia udongo. Derby huwa karibu na msimu wa mvua ndefu, na kuna farasi wanaopenda tope na wengine wanaolichukia kama paka. Baada ya hapo unaenda pale wanapotembezwa kabla ya mbio na unatumia macho. Anayetoka jasho shingoni kabla hata hajapandwa ametumia nguvu zake kwa woga. Anayetembea ametulia na masikio mbele, huyo weka alama.

Na bado utakosea. Beryl Markham, yule mama aliyevuka Bahari ya Atlantiki na ndege peke yake mwaka 1936, alikuwa kwanza mkufunzi wa farasi. Alikulia Njoro, akapata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, na baadaye maishani akarudi Kenya na kushinda Kenya Derby mara sita. Katika miaka ya 1920 alikuwa na farasi jike anaitwa Wise Child, mwenye miguu mibovu kiasi kwamba mwenye akili zake hangemwekea pesa, akashindana na farasi ambaye Beryl mwenyewe alikuwa amemlea kabla mwenyewe hajamhamishia kwa mkufunzi mwingine. Wise Child alishinda St Leger. Waliosoma miguu walikosea. Lakini angalia vizuri: walikosea kuhusu kitu kilichokuwepo. Miguu ilikuwa mibovu kweli, moyo ulikuwa mkubwa kweli, na wiki iliyofuata walijua jambo moja zaidi.

Sisi watu wa huku tunalijua hili bila kufundishwa na Mzungu. Panda Kapsokwony ukae na wazee wa Kisabaot siku ya riadha kwenye TV. Hawa wameona wakimbiaji tangu Ben Jipcho, kijana wa Mlima Elgon aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 nyuma ya Kipchoge Keino, halafu mwaka 1974 kule Christchurch akachukua dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola. Wameona familia ya Masai: mwaka 2009 pale Berlin, Linet akishinda dunia mita 10,000 na kaka yake Moses akipata shaba kwenye umbali huo huo upande wa wanaume, michezo ile ile. Upande wa pili wa mlima, kwa ndugu zao Wasebei wa Uganda, wamemwona Joshua Cheptegei wa Kapchorwa akivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 ndani ya mwaka mmoja, 2020. Muulize mzee kama huyo nani atashinda leo. Hatakujibu haraka. Atauliza amekuwa wapi mwezi uliopita, amebadilisha kocha, goti limepona, mwanzo utakuwa wa kasi au wa kuviziana. Nenda Malinya siku ya kupiganisha fahali, kule kwa Waisukha na Waidakho, isukuti ikilia, utasikia maswali ya aina hiyo kuhusu ng'ombe: amekula nini, alimpiga nani, pembe ya kulia ina nini.

Kwa hivyo kipaji cha kusoma mbio tunacho. Kinachoniuma ni mahali tunapokipeleka.

Kuna jamaa wa boda stage ya kwetu, kichwa kizuri kabisa, alikuwa na kitabu cha mraba, kile cha hesabu cha shule ya msingi. Kwa karibu miezi miwili aliandika matokeo ya farasi wa skrini. Tarehe, saa, namba iliyoshinda, odi. Mwandiko safi, mistari imepigwa na rula. Alinipa nikitazame akiamini kuna mpangilio ameuona ila umekataa kukaa sawa, na kwa vile mimi nilipitia somo la uwezekano kabla ya kuachana na chuo, labda ningeona. Nilikaa nacho usiku mzima. Nilichokiona ni hiki: farasi wa odi ndogo kabisa, yule wa 2.50 hivi, alishinda zaidi kidogo ya mara moja katika kila tatu. Ili mtu asipate hasara kwa odi ya 2.50, lazima ashinde mara mbili katika kila tano. Pengo ni dogo hivyo. Huwezi kulihisi ukiwa umesimama pale, unahitaji miezi miwili na rula. Na ukishaliona, halina dawa, kwa sababu liliwekwa pale kwa makusudi na yeyote anaweza kulihesabu kabla ya kuweka hata shilingi.

Tuhesabu basi, kwa zile odi zetu za saa saba. Chukua kwamba unataka kupata thao moja kamili, ashinde nani ashinde. Namba 1 kwa 2.50 unahitaji kumwekea 400. Namba 2 kwa 4.00, weka 250. Namba 3, weka 200. Namba 4, weka 125. Namba 5, weka soo. Namba 6, weka finje. Umeziba kila mlango, huwezi kushindwa. Jumlisha: umetoa shilingi 1,125. Utalipwa 1,000. Umebashiri kwa usahihi wa asilimia mia na umeacha 125 pale kaunta.

Hiyo 125 ndiyo mshahara wa nyumba. Kila karatasi inayotoka kwenye ile mashine ndogo imebeba kipande chake. Kwenye mfano wetu ni kama shilingi 11 katika kila 100 zinazowekwa, kwa wastani, milele. Namba 6 akishinda na mtu apige kelele hadi barabarani, kipande kiko ndani. Namba 1 akishinda na kila mtu alipwe, kipande kiko ndani.

Utaniambia hata Ngong wanakata. Kweli, wanakata. Pesa za tote zinaingia chungu kimoja, wenye uwanja wanatoa sehemu yao kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Wenye odi nao hawakai pale kwa upendo. Tuseme hata wakate robo nzima, kitu kibaya mara mbili ya skrini yetu. Mtu wa finje kila mbio, mbio saba alasiri nzima, ameweka 350. Robo yake ni kama 88. Huyo amepoteza 88 kwa wastani, amekaa kwenye nyasi kuanzia mchana hadi jioni, ameona wanyama wazuri.

Sasa mtu wa finje kila mbio pale mjini Kitale. Mbio ishirini kwa saa ni shilingi 1,000 zimezunguka. Kwa kipande cha shilingi 11 hivi kwa kila mia, saa moja imekula 111. Akikaa kuanzia saa saba hadi saa kumi, ni 333. Mfukoni pengine aliingia na mia tano tu, lakini anashinda kidogo, anaweka tena, anashinda, anaweka, na pesa ile ile inapita mbele ya kisu mara kumi. Kiasi kinachokatwa kila mara ni kidogo. Kinachomaliza mtu ni zile dakika tatu.

Hilo ndilo watu hawaongelei. Tunabishana kuhusu odi, kuhusu bahati, kuhusu kampuni ipi inalipa. Hakuna anayebisha kuhusu saa ya ukutani. Pale Ngong kati ya mbio na mbio kuna kama nusu saa, kwa sababu farasi ana mapafu, lazima waingizwe, wapimwe, wapandwe. Ndani ya hiyo nusu saa mtu anakunywa chai, anagundua pesa ya nauli iko chini, anaenda nyumbani. Skrini haina mapafu. Na ile ndege inayopaa kwenye simu ni mbaya zaidi, pale raundi moja inaisha kabla hujameza mate.

Rudi kwa kitabu cha mraba kidogo. Ukurasa wa nyuma jamaa alikuwa ameandika kichwa cha habari: WENYE NJAA. Hapo alikuwa anahesabu namba ambazo hazijashinda muda mrefu, akiamini zinakaribia. Hii imani iko kila duka. "Namba 6 hajaonekana tangu asubuhi, lazima aje." Hebu tuone. Tumfanyie namba 6 wema, tuseme kweli anashinda mara moja katika kila ishirini, kama odi yake inavyodai. Kukosekana mbio kumi na mbili mfululizo si ajabu hata kidogo. Hutokea zaidi ya nusu ya wakati. Kukosekana mbio thelathini, yaani saa moja na nusu nzima, hutokea karibu mara moja katika kila tano. Na baada ya hizo thelathini, nafasi yake kwenye mbio ya thelathini na moja ni ile ile, moja kwa ishirini. Farasi wa Ngong aliyekaa miezi miwili bila kukimbia anaweza kuwa na njaa kweli, au anaweza kuwa mgonjwa, ndiyo maana unauliza. Namba 6 wa Kitale hana tumbo.

Halafu kuna wale jamaa wa kwenye makundi ya simu wanaouza "farasi wa uhakika". Unatuma mia mbili, unapewa namba ya mbio fulani. Wengi wenu mtasema huyo jamaa ni noma, alinipatia mara tatu mfululizo bure kabla sijalipa. Sikia inavyoweza kufanywa. Mtu ana namba za watu 600. Anawagawa makundi sita, kila kundi analitumia farasi wake, bure. Mbio ikiisha, watu mia wamepata mshindi. Mia tano anawaacha. Wale mia anawagawa tena mara sita. Kumi na sita au kumi na saba wameona mara mbili. Anawagawa tena. Wanabaki watu wawili au watatu ambao wameona kwa macho yao nabii akipatia mara tatu bila kukosea. Hao watatu unaweza kuwauzia chochote. Watauza hata ng'ombe wa mama. Na nabii hajui farasi kuliko wewe, anajua kugawanya kwa sita.

Mtu anayejua kweli mshindi wa dakika tatu zijazo hawezi kukuuzia kwa mia mbili. Angekaa kimya kama kaburi.

Sitaki kusikika kama pasta wa Jumapili. Najua kwa nini duka linajaa. Mahindi yakishapandwa na kupaliliwa, kuna miezi Trans Nzoia haina kibarua. Msee mwenye diploma na msee wa darasa la nane wanakaa benchi moja. Duka lina kiti, lina TV, lina stima, hakuna anayekuuliza unatafuta nini, na kwa finje unapewa dakika tatu za kuwa mtu ambaye huenda mambo yakamnyookea. Bungoma ni hivyo, Webuye ni hivyo, Chwele siku ya soko ni hivyo. Mavuno yakianza na pesa ya magunia ikiingia, mistari ya kaunta inakuwa mirefu zaidi. Jamaa wa kitabu hakuwa mlevi wala mvivu. Pikipiki alikuwa anailipia kila siku kwa mkopo, na siku alizobaki nyuma alikuwa anajaribu kuziba kwa farasi. Ilichukuliwa asubuhi moja mbele ya stage. Kitabu kilikuwa chini ya kiti, akaomba angalau akitoe.

Serikali nayo haijalala, imekuwa ikigeukageuka. Mwisho wa Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kubeti kwa siku thelathini. Julai mwaka huo ushuru ukabadilika: badala ya asilimia 15 ya kila dau, sasa ni asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti yako ya kubeti, na asilimia 5 nyingine unapotoa. Agosti rais akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, sheria iliyoandikwa wakati kamari maana yake ilikuwa kasino, bahati nasibu, na hao farasi wa Ngong.

Angalia huo ushuru kwa jicho la saa. Zamani kila dau lilikatwa, kwa hivyo kuzungusha pesa haraka kulikuwa na adhabu yake: finje ikirudi mara kumi, ilikatwa mara kumi. Sasa unakatwa mlangoni. Ukishaingia, zungusha utakavyo hadi iishe. Kwa mtu wa mkeka mmoja wa Jumamosi hii ni nafuu kweli. Kwa mtu wa farasi wa dakika tatu, breki moja imetolewa.

Mamlaka mpya ina mambo mengi mezani: leseni, umri wa miaka 18, matangazo, wasanii wanaolipwa kutabasamu na simu. Mimi ningewapa swali moja la kuanzia, na halihitaji kamati. Kwa nini mbio ya farasi asiyekuwepo isisubiri dakika kumi na tano kabla ya nyingine? Farasi hawachoki, sawa, lakini waliosimama mbele yao wanachoka. Ikiwa mchezo ni burudani kama wanavyotuambia, burudani itavumilia chai.

Utabiri wangu, kwa wale walioruka kuja hapa chini. Mbio ya saa saba: sina. Mbio ya saa saba na dakika tatu: sina. Kwa nyumba, 125 katika kila 1,125, mbio zote, hadi wafunge. Kwa anayesafiri Nairobi siku ya mbio: nunua karatasi ya siku, nenda ukasimame pale wanapotembezwa, na ukiona yule aliyemaliza wa tatu mara iliyopita akiwa bado anakimbiza watu, umbali wa leo umeongezwa, masikio mbele na shingo kavu, huyo ndiye ningemwekea soo yangu. Moja tu. Basi la kurudi Kitale linataka nauli.